Dondoo muhimu: Mwiteni daktari wa mifugo kuku wangali wazima

Vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini mwa Kigoma, kama Buhingu na Kalya, vimezoea usafiri wa boti, na nauli ya daktari wa mifugo haipungui eti kwa kuwa anakuja kutibu kuku watatu. Ndiyo maana ni nafuu kitongoji kizima kumwita siku moja aje kuchanja, kuliko kila kaya kumtafuta kivyake ugonjwa ukishaingia bandani. Chukua mdondo, ambao wengine huuita kideri: husababishwa na virusi, hauna tiba, na huweza kufagia banda zima kwa siku chache. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini, ni tone moja tu jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kichupa kimoja hutosha kuku wa kaya kadhaa.

Wapo wanaosema chanjo itaharibikia njiani. I-2 huvumilia joto kuliko chanjo nyingi, ila si jua kali. Isafirishwe kivulini, imeviringishwa kitambaa kibichi. Wengine watakwambia kuku wao walichanjwa na bado wakafa. Hutokea, hasa wakichanjwa wakiwa wameshaambukizwa, na hiyo ni sababu ya kuwahi, si ya kuacha. Oksitetrasaikilini ya dukani, inayopendwa mno, haiui virusi. Kuku walale wamefungiwa usiku wa kuamkia chanjo: wakishatawanyika migombani asubuhi, hakuna daktari atakayewakimbiza.