Lebo ya Kifurushi: Namna ya Kuandika Anwani Isiyopotea Njiani

Mfanyabiashara mdogo anayeuza asali, sabuni, batiki au vikapu nje ya kata yake huutegemea mkono wa watu asiowajua: karani wa mizigo, utingo wa basi, mtunza stoo na mwendesha bodaboda wa upande wa pili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesikia mazungumzo yake na mteja. Wanachokijua ni kile kilichoandikwa juu ya boksi, nacho mara nyingi husomwa usiku, kwa haraka, kwa mwanga wa tochi ya simu. Lebo ikikosewa, hasara humwangukia mtumaji: nauli ya mzigo hulipwa mara mbili, bidhaa huharibika stoo, na mteja aliyekwisha kulipa huanza kudai fedha zake. Kwa mwenye mtaji wa shilingi laki mbili, kifurushi kimoja kilichopotea chaweza kumeza faida ya mwezi mzima.

Makosa mengi huzaliwa na majina ya mahali. Majengo ipo Dodoma, ipo Moshi, na ng'ambo ya mpaka ipo Mombasa. Jijini Dar es Salaam, Mbezi Beach imo katika Wilaya ya Kinondoni, ilhali Mbezi Louis, kilipo kituo kikuu cha mabasi ya mikoani, imo katika Wilaya ya Ubungo. Anayeandika "Mbezi" peke yake amemwachia karani kazi ya kubahatisha. Kwa hiyo lebo iliyokamilika hutaja jina la mpokeaji kama linavyosomeka katika kitambulisho chake, kisha namba ya nyumba na jina la barabara, kata, wilaya na mkoa. Jina la mkoa liandikwe kwa herufi kubwa kuliko mengine, kwa sababu ndilo linalotazamwa kwanza mizigo inapotenganishwa.

Anwani ya namna hiyo sasa inapatikana kwa urahisi kuliko zamani. Zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, lililotangulia Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti mwaka huo, lilizipa nyumba namba na barabara majina. Postikodi nayo ina tarakimu tano zenye mpangilio: ya kwanza huonyesha kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Ndiyo sababu postikodi za Dodoma huanza na 41, za Arusha 23 na za Mwanza 33. Mtumaji anayejua hilo anaweza kuikagua anwani ya mteja wake kabla ya kufunga boksi. Mteja akisema yuko Mwanza huku postikodi yake ikianza na 23, kuna jambo la kuuliza.

Hata hivyo, alama ya mahali isidharauliwe. Anayedhani kwamba kibao cha namba kinatosha huenda hajawahi kupeleka mzigo mtaa wa uchochoroni magharibi ikiingia. Maneno machache kama "nyuma ya zahanati, geti la kijani" humwokoa bodaboda na mzunguko wa nusu saa. Yakae chini ya anwani rasmi, yasichukue nafasi yake.

Sanduku la posta lina matumizi yake, lakini lina mpaka. S.L.P. 100 inaweza kuwapo katika mji zaidi ya mmoja, hivyo bila jina la mji haina maana. Vilevile, kampuni ya basi au msafirishaji binafsi hawezi kuufikisha mzigo ndani ya sanduku hilo. S.L.P. itumike pale tu kifurushi kinapopitia Posta, na hata hapo namba ya simu iongezwe.

Kuhusu simu, kwa mizigo ya mabasi ndiyo anwani yenyewe. Basi likifika, wakala humpigia mpokeaji. Asipopatikana, mzigo hubaki ofisini. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu kumi ikianza na sifuri, na inafaa zihesabiwe moja moja baada ya kuandikwa. Tarakimu 1 na 7 hufanana sana katika mwandiko wa haraka, na 0 hugeuka 6. Iandikwe kwa mafungu, mafungu hayo yaachane, na namba ya pili ya mpokeaji iwekwe kando. Namba ya mtumaji nayo isisahauliwe, kwa kuwa mzigo usio na njia ya kurudi huishia kuwa mali ya stoo.

Lebo ibandikwe kwenye uso mpana wa boksi, mbali na maungio yanayokatwa wakati wa kufungua. Wino usiofutika ufunikwe kwa selotepu angavu dhidi ya mvua, ila mistari ya msimbo inayosomwa na mashine iachwe bila kufunikwa, kwani mng'ao huizuia kusomeka. Kiroba cha salfeti hakishiki gundi. Kifungwe kipande cha kitambaa au kadi ngumu, na jina liandikwe pia pande zote mbili za kiroba. Boksi lililokwisha kutumika lifutwe kila anwani ya zamani. Nakala ya anwani iwekwe ndani pia: lebo ya nje ikibanduka, karani atakayefungua atajua mwenye mzigo ni nani.

Uzito hupimwa baada ya kufunga, si kabla. Yapo makampuni ya usafirishaji yanayotoza pia kwa nafasi: urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa, kisha jibu hugawanywa kwa 5000. Boksi la vikapu lenye sentimita 40 kwa 30 kwa 30 hutoa kilo 7.2, hata kama kwenye mizani lina kilo mbili. Muuzaji wa vikapu asiyepiga hesabu hiyo kabla ya kumtajia mteja bei huilipa tofauti kutoka mfukoni mwake.

Kwa mizigo ya nje ya nchi kupitia Posta, anwani peke yake haitoshi. Hujazwa tamko la forodha: CN 22 kwa bidhaa za thamani ndogo, na CN 23 kwa zilizozidi kiwango. Hapo neno "nguo" au "bidhaa" huleta maswali, na kuandika "zawadi" juu ya mzigo uliouzwa ni tamko la uongo linaloweza kuusababishia kuzuiwa. Iandikwe "vikapu vitatu vya ukindu", pamoja na uzito na thamani halisi, kwa lugha inayoeleweka huko uendako. Msimbo wa bidhaa wa kimataifa husaidia: vikapu huangukia 4602, sabuni 3401 na asali 0409. Vyakula, mbegu na mazao ya mimea huweza kuhitaji vibali, na hilo liulizwe kabla ya mteja kulipa. Thamani nayo isipunguzwe kwa nia ya kukwepa ushuru, kwani mzigo ukipotea, fidia huangalia kilichotamkwa.

Karani akishapokea mzigo, hutoa stakabadhi. Kwa mizigo ya kimataifa ya Posta inayofuatiliwa, namba yake ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, ambazo kwa Tanzania ni TZ. Tarakimu ya tisa hukokotolewa kutokana na nane zilizotangulia, hivyo kosa la kunakili tarakimu moja mara nyingi hugundulika. Mtumaji aisome stakabadhi papo hapo, ailinganishe na lebo neno kwa neno, na apige picha boksi likiwa bado mezani. Jina la mkoa likiwa limekosewa kwenye karatasi hiyo, lisahihishwe kabla mzigo haujaingia kwenye buti la basi.