Tawakali na Dua Wakati wa Dhiki

Amma baad. Yuko mtu afungaye ghala yake ya mtama akingoja bei ipande, kisha huenda msikitini akanyosha mikono kuomba mvua, akadhani kuwa hiyo ndiyo tawakali. Sivyo alivyofanya Sayyidna Omar (r.a.) katika ile njaa kuu ya Hijazi, mwaka 18 wa Hijra, uitwao Mwaka wa Majivu. Aliwaandikia maliwali wake walete chakula. Na yeye nafsi yake akaapa kutoonja samli wala nyama mpaka watu wapate, akala mafuta ya zaituni hata rangi yake ikasawijika. Ndipo alipotoka na watu kwa unyenyekevu, akamtanguliza Sayyidna Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.), awaombee, na mvua ikanya.