Jua Haki Zako: Mafunzo ya Usalama Kazini Mjini Brussels

Nchini Ubelgiji mwajiri haruhusiwi kumweka mtu kazini bila kumfundisha namna ya kuifanya kazi hiyo bila kuumia. Wajibu huo umo katika Sheria ya tarehe 4 Agosti 1996 inayohusu ustawi wa wafanyakazi kazini, na umefafanuliwa katika Kanuni za Ustawi Kazini, mkusanyiko mkubwa wa amri za kifalme uliopangwa upya mwaka 2017. Mzizi wake ni agizo la Jumuiya ya Ulaya namba 89/391 la mwaka 1989, na ndiyo maana mfanyakazi anayehamia Lille au Cologne huikuta misingi ile ile. Sheria hii ni ya shirikisho zima. Haibadiliki mtu anapotoka Brussels kwenda kufanya kazi Zaventem au Vilvoorde, tofauti na vibali vya kazi, ambavyo kila mkoa unavitoa kwa taratibu zake.

Nchi hii ina historia nzito katika jambo hili. Tarehe 8 Agosti 1956, katika mgodi wa makaa wa Bois du Cazier huko Marcinelle, karibu na Charleroi, waliokuwa chini na waliokuwa juu hawakuelewana kuhusu ishara ya kuendesha lifti. Kizimba kikavutwa juu huku kigari kimechomoza nje, kikakata nyaya za umeme na bomba la mafuta, na moto ukawaka. Walikufa watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitalia. Miaka mingi baadaye, tarehe 18 Juni 2021, shule iliyokuwa ikijengwa Antwerp iliporomoka na kuua wajenzi watano, wakiwemo Wareno. Kazi za hatari zimewaangukia wageni kwa vizazi kadhaa, na leo wazungumzaji wa Kiswahili waliotoka Goma, Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura au Mombasa wanakutwa katika kazi hizo hizo: usafi wa maofisi, nyumba za wazee, maghala, ujenzi, na kupeleka chakula kwa baiskeli.

Mafunzo yanadaiwa katika nyakati zinazojulikana: mtu anapoajiriwa, anapohamishiwa kazi nyingine, kifaa kipya kinapoletwa au cha zamani kinapobadilishwa, na teknolojia mpya inapoingia. Hatari ikibadilika, mafunzo nayo hubadilika, na pale inapohitajika hurudiwa. Hutolewa ndani ya saa za kazi, na gharama yake haiwezi kumwangukia mfanyakazi. Kampuni inayokata euro kadhaa kwenye mshahara wa kwanza kwa jina la ada ya kozi, au inayowaita watu Jumamosi wajifunze bila malipo, imevunja sheria hata kama wafanyakazi walitia saini kukubali. Viatu vya usalama, glavu, kofia ngumu na miwani navyo hununuliwa, hutunzwa na kubadilishwa kwa fedha za mwajiri.

Kumkabidhi mtu kijitabu si kumfundisha. Mfano mzuri ni usafi wa maofisi, kazi inayofanyika alfajiri kabla ya wenye ofisi kufika. Maji ya Brussels yana chokaa nyingi, kwa hiyo kwenye toroli ya usafi kwa kawaida huwa na chupa ya asidi ya kuondolea ukoko mweupe vyooni na kwenye mabomba, imekaa ubavuni mwa chupa ya dawa ya klorini, ile ambayo Afrika Mashariki huitwa jiki na hapa huitwa javel. Dawa hizo mbili zikikutana katika ndoo moja hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na vyoo vingi vya maofisi havina dirisha. Lebo zinaonya, kwa Kifaransa na Kiholanzi na kwa herufi ndogo. Mafunzo ya kweli humshikisha mfanyakazi chupa zenyewe: alama ya almasi nyekundu yenye picha ya mkono unaoliwa na asidi, kiasi cha maji cha kuchanganyia, aina ya glavu, dawa zisizokutana kamwe, na la kufanya mara tone linapoingia jichoni. Somo hilo halizidi nusu saa. Mwajiri anayedai hakuwa na muda wa kulitoa hapaswi kusikilizwa.

Suala la lugha huzua ubishi mwingi. Nyaraka za mwajiri kwa wafanyakazi wa Brussels huandikwa kwa Kifaransa au Kiholanzi, kwa mujibu wa sheria za lugha za 1966. Hata hivyo kanuni za usalama zinataka maelekezo ya kazi yaeleweke na mtu anayeyatumia. Mwajiri halazimiki kutafuta mwalimu wa Kiswahili. Analazimika kuhakikisha ameeleweka, iwe kwa picha, kwa kuonyesha kwa vitendo, au kupitia mwenzake anayetafsiri. Mfanyakazi anayeitikia oui kwa kila sentensi ili asionekane mzito anampa msimamizi kisingizio cha bure. Kuomba kurudiwa maelezo ni haki, na kwa sheria hii ni dalili ya mtu anayeshika wajibu wake.

Mfanyakazi mpya ana haki nyingine isiyojulikana sana. Msimamizi lazima apange namna ya kumpokea na kumteua mwenzake mwenye uzoefu wa kumwongoza siku za mwanzo. Msimamizi aliyehusika na mapokezi hutia saini, kwa jina lake, hati inayothibitisha kwamba taarifa na maelekezo ya usalama yametolewa. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba fungu la karatasi husukumwa mbele ya mfanyakazi pamoja na mkataba, naye huambiwa atie saini hapa, hapa na hapa. Karatasi inayosema mtu amefundishwa kutumia mashine ambayo hajaigusa haifai kutiwa saini hivi hivi. Akilazimika, anaweza kuandika tarehe na maneno mafupi kwamba mafunzo bado, kisha aipige picha kwa simu. Siku ya ajali, karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Wasimamizi wengi hudhani usalama ni kazi ya bosi mkubwa. Kanuni zinasema vingine. Kila mwenye mamlaka juu ya wengine, kuanzia mkurugenzi hadi kiongozi wa zamu mwenye watu watatu, ana majukumu yake mwenyewe: kuchunguza ajali na kupendekeza namna ya kuzuia nyingine, kukagua vifaa, kuomba ushauri wa wataalamu kwa wakati, kuangalia kama maelekezo yanafuatwa, na kuhakikisha watu wake wameyaelewa. Lililo zito zaidi ni lile la kugawa kazi: kazi apewe tu mwenye uwezo na aliyepata mafunzo yake. Kiongozi wa zamu anayemwambia kibarua wa siku ya pili apande foklifti kwa sababu dereva anaumwa amekiuka wajibu huo palepale. Kanuni ya Adhabu za Kijamii ya mwaka 2010 humgusa mwajiri, na humgusa pia mwakilishi wake, na adhabu huwa kali zaidi kosa likisababisha ajali au madhara ya afya. Kwa hiyo Mkongo au Mtanzania aliyepandishwa cheo akawa msimamizi ana haki ya kudai mafunzo yake ya usimamizi kabla ya kukubali wajibu huo, na ni busara adai kwa maandishi.

Mfanyakazi naye ana wajibu. Ibara ya 6 ya sheria ya 1996 inamtaka atunze usalama wake na wa wenzake, atumie mashine na vifaa vya kujikinga ipasavyo, asiondoe vizuizi vya usalama, na atoe taarifa ya hatari mara anapoiona. Waajiri huipenda sana ibara hii na huisoma nusu. Inasema wajibu huo unakwenda kulingana na mafunzo aliyopewa na maelekezo ya mwajiri. Asiyefundishwa hawezi kulaumiwa kirahisi kwa kutojua.

Baadhi ya kazi zina masharti ya ziada. Tangu tarehe 1 Desemba 2023, wanaofanya kazi kwenye maeneo ya ujenzi wanatakiwa kuwa na mafunzo ya msingi ya usalama yasiyopungua saa 8. Cheti cha usalama cha VCA kinakubaliwa, na wenye uzoefu wa miaka ya kutosha wana msamaha. Kwa foklifti mambo ni tofauti: Ubelgiji haina leseni ya serikali ya kuiendesha. Cheti kilichonunuliwa kwenye kozi ya mtaani hakimwondolei mwajiri jukumu la kumfundisha dereva kwenye mashine na ghala lake, wala la kumpeleka kwa daktari wa kazi, kwa kuwa udereva huo unahesabiwa kuwa kazi inayogusa usalama wa wengine.

Anayeletwa na wakala wa ajira za muda ana mabwana wawili, na kila mmoja hupenda kumsukumia mwenzake. Sheria imegawa hivi: wakala ndiye mwajiri anayelipa, lakini kampuni anakofanya kazi ndiyo inayobeba usalama wake akiwa pale, pamoja na mapokezi na vifaa vya kujikinga. Kazi ikiwa na hatari, au ikihitaji uangalizi wa kiafya, kampuni hiyo hujaza fomu ya maelezo ya kazi kabla hajaanza, naye hupewa nakala. Kumtuma kibarua wa wakala kubomoa au kuondoa asbesto ni marufuku kabisa. Kwa wanaopeleka chakula kwa baiskeli kupitia majukwaa ya mtandaoni, Mahakama ya Rufaa ya Kazi ya Brussels iliamua tarehe 21 Desemba 2023 kwamba wale wa Deliveroo ni waajiriwa, si wafanyabiashara binafsi, kwa hiyo haki hizi ni zao pia.

Maswali yana mahali pa kupelekwa. Kila mwajiri lazima awe na mshauri wa kinga, conseiller en prévention kwa Kifaransa au preventieadviseur kwa Kiholanzi. Kampuni yenye watu wasiofika 20 inaweza kumwachia bosi mwenyewe nafasi hiyo. Penye wafanyakazi 50 na zaidi huchaguliwa kamati ya kinga na ulinzi kila baada ya miaka 4, uchaguzi uliofanyika pia mwaka 2024, na mafunzo ni moja ya mambo ambayo kamati huyatolea maoni. Tangu Desemba 2023 kampuni za ukubwa huo lazima pia ziwe na mtu wa kuaminiwa, anayesikiliza wanaonyanyaswa au kuelemewa. Daktari wa kazi anaweza kuombwa na mfanyakazi moja kwa moja, bila kumpitia bosi, kwa maumivu yanayohusiana na kazi kama mgongo unaochoshwa na kunyanyua wazee. Daktari huyo halipwi na mfanyakazi.

Hatari ikiwa kubwa na ya papo hapo, na haiepukiki, mfanyakazi anaweza kuondoka mahali pake pa kazi. Sheria inakataza kumtia hasara yoyote kwa kufanya hivyo. Sharti ni moja: amjulishe msimamizi na idara ya kinga mara moja. Anayeondoka kimyakimya akaenda nyumbani anadhoofisha haki yake.

Ajali ikitokea, Sheria ya tarehe 10 Aprili 1971 huingia kazini. Mwajiri lazima awe na bima, nayo hufunika pia njia ya kawaida ya kwenda na kurudi kazini. Anatakiwa kuitaarifu bima ndani ya siku 8. Akikaa kimya, mfanyakazi anaweza kuiandikia bima mwenyewe. Anayeshindwa kabisa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 90 ya wastani wa pato lake la siku, lenye kikomo cha kisheria. Uzembe wake haumnyimi fidia. Kinachomnyima ni kujiumiza kwa makusudi. Mwajiri asipokuwa na bima, Fedris, taasisi ya shirikisho iliyoundwa mwaka 2017, humlipa majeruhi na kumdai mwajiri. Kinga hiyo humfikia hata aliyefanya kazi bila mkataba wa maandishi na hata asiye na karatasi za kukaa nchini, mradi athibitishe kwamba alikuwa kazini: picha, ujumbe wa WhatsApp wa msimamizi, majina ya walioona. Asiye na karatasi hufanya vyema kuanzia kwa chama cha wafanyakazi au Fairwork Belgium, shirika la Brussels linaloshughulika na kesi za namna hii, kabla ya kwenda ofisi yoyote ya serikali.

Pale kampuni isiposikia, malalamiko hupelekwa kwa Ukaguzi wa Ustawi Kazini, ulio chini ya wizara ya shirikisho ya ajira, yenye makao makuu karibu na stesheni ya Midi. Hakuna ada. Mkaguzi haruhusiwi kumwambia mwajiri jina la aliyelalamika, wala kwamba ziara yake imetokana na malalamiko, isipokuwa mlalamikaji mwenyewe ameridhia. Malalamiko hayo yana uzito mwingine ambao wachache wanaujua. Kwa kawaida majeruhi hulipwa na bima na hawezi kumshtaki mwajiri wake kwa hasara zilizobaki, kama vile maumivu. Lakini ikiwa mkaguzi alikwisha kumwandikia mwajiri kumwonya juu ya hatari, naye akapuuza na kuendelea kuvunja sheria vibaya hadi mtu akaumia, ukuta huo huanguka, na majeruhi anaweza kumfikisha mahakamani.