Kipimo cha Kanada kwa Watoto wa Poland

Kipimo cha Alberta, cha kupimia ukuaji wa mwendo wa watoto wachanga, kilitolewa Kanada mwaka 1994. Mpimaji huchunguza vitendo 58 vya mtoto alalapo kifudifudi na chali, akaapo na asimamapo, hadi afikapo miezi 18; humshika kwa nadra tu. Je, ili kitumike Poland, yatosha kukitafsiri? La. Tafsiri hurudishwa katika Kiingereza na mtu mwingine, maana zilinganishwe. Kisha wapimaji wawili humpima mtoto yule yule, kila mmoja peke yake, nazo alama zao hazina budi kukaribiana. Linabaki jambo zito zaidi: viwango vya umri. Huko Uholanzi, mwaka 2007, ilionekana kwamba watoto wengi wenye afya walipata alama chini ya wastani wa Kanada. Hivyo, bila jedwali la watoto wa Poland wenyewe, mama wa Poznań aweza kuambiwa mwanawe amechelewa, kumbe ni mzima.