Mlingoti, Waya na Kebo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusimamisha Antena ya Redio ya Ridhaa

Mwaka 1901 Guglielmo Marconi alisimamisha milingoti 20 huko Poldhu, kusini magharibi mwa Uingereza. Kila mmoja ulikuwa na urefu wa mita 60 hivi, na yote ilipangwa kwa duara. Vilele vyake vilifungwa pamoja kwa waya, kila mlingoti ukimtegemea jirani yake. Tarehe 17 Septemba dhoruba ikavuma, na duara zima likalala chini. R. N. Vyvyan, mhandisi aliyepewa kazi ya kujenga kituo cha namna hiyohiyo Cape Cod, Marekani, alikwisha kuona kwamba mpangilio ule haukuwa salama. Novemba ya mwaka uleule kituo hicho cha Cape Cod nacho kikaanguka.

Desemba hiyo Marconi alitangaza kwamba amesikia herufi S kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Poldhu ilikuwa imesimamishiwa milingoti miwili tu badala ya ile iliyoanguka, na kule Newfoundland, alikosikilizia Marconi, waya wa kupokelea uliinuliwa kwa tiara.

Mwanaredio wa ridhaa wa leo, awe Tanga, Kisumu au Bukoba, ana la kujifunza hapo. Mara nyingi fedha zote huishia kwenye redio yenyewe, kisha antena ikashikiliwa kwa kamba ya katani na bomba lililookotwa. Ni mpangilio mbaya wa matumizi. Redio ya kawaida iliyounganishwa na antena iliyojengwa vizuri itasikika mbali kuliko redio ya bei kubwa yenye antena mbovu, na antena hiyo haitamwangukia mtu.

Swali la kwanza ni urefu wa mlingoti, na jibu lake hutegemea nani anatafutwa hewani. Anayetaka kuongea na wenzake wa nchi yake kwa masafa ya megahezi 7 hahitaji mnara mrefu. Waya uliotandazwa mita 7 au 8 juu ya ardhi hurusha mawimbi kuelekea juu, nayo mchana hurudishwa na tabaka la juu la anga hadi umbali wa kilomita mia kadhaa. Dar es Salaam na Dodoma huweza kusikilizana hivyo, na antena ya aina hiyo ndiyo inayofaa wakati wa mafuriko, simu zinapozimika. Anayetafuta Japani au Brazili kwa megahezi 14 atafaidika kuipandisha antena yake mita 10 au zaidi.

Waya wenyewe ni rahisi kuupima. Gawanya 143 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wote kwa mita. Kwa megahezi 7.1 jibu ni mita 20 na kidogo, yaani mita 10 kila upande kutoka katikati inapofungwa kebo. Fundi mzoefu huacha ziada kila upande, kisha hukata kidogo kidogo huku akitazama kipimo, kwa sababu waya uliokatwa mfupi haurefuki. Pwani, mnazi ni nguzo nzuri, ila huyumba. Waya ukifungwa moja kwa moja kwenye mti utakatika upepo wa kusi ukishika kasi. Afadhali ufungwe kwenye kamba inayopita kwenye kapi, na mwishoni mwa kamba ining'inizwe ndoo ya kokoto: mti ukiyumba, ndoo hupanda na kushuka, na waya haukazwi kupita kiasi.

Mlingoti wa chuma unahitaji nyaya za kuushikilia kwa pande tatu zilizoachana sawasawa, na kwa kawaida vigingi vyake hukaa mbali na shina kwa kiasi cha asilimia 80 ya urefu wa mlingoti. Mlingoti wa mita 12 basi unadai karibu mita 10 kila upande, nafasi ambayo viwanja vingi vya mjini havina. Asiye na nafasi apunguze urefu, asisogeze vigingi karibu. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake juu ya mlingoti huongezeka mara nne. Kubadilisha nyaya hizo ni hatari kuliko kuzifunga mara ya kwanza. Mnara wa Konstantynów, Poland, wenye mita 646, ndio uliokuwa mrefu kuliko majengo yote duniani. Ulianguka tarehe 8 Agosti 1991 mafundi walipokuwa wakibadilisha nyaya zake. Waya mpya, au wa muda, ufungwe na kukazwa kabla ule wa zamani haujaguswa.

Kebo nayo hula nguvu. Kwa megahezi 144, mita 30 za kebo nyembamba ya RG-58 hupoteza desibeli 6 hivi: zikiingia wati 50, hufika 12 au 13 kwenye antena. Kebo nene ya RG-213 hufikisha zaidi ya nusu. Kwa megahezi 7 hiyo nyembamba inatosha kabisa, na hakuna haja ya kuingia gharama. Adui mkubwa zaidi ni maji. Kiungo cha nje kizungushiwe utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na kebo ipindwe kuelekea chini kabla ya kuingia dirishani ili mvua idondokee nje. Chumvi ya bahari hula haraka kiungo kilichoachwa wazi.

Kandokando ya Ziwa Victoria na mashariki ya Kongo radi hupiga kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mlingoti uunganishwe na vyuma vilivyopigwa ardhini, na vyuma hivyo viunganishwe na ardhi ya umeme wa nyumba, visiachwe kila kimoja peke yake. Kebo ichomolewe mapema. Mingurumo ikisikika, muda wa kuigusa umekwisha.

Leseni hutolewa na TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya na UCC kwa Uganda. Mnara mrefu, hasa karibu na uwanja wa ndege, unahitaji pia idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Lakini hakuna kinachoua haraka kama nyaya za umeme. Mlingoti usimamishwe mahali ambapo, hata ukianguka kwa urefu wake wote pamoja na antena, utabaki angalau mita 3 kutoka kwenye laini. Usirushe kamba juu ya laini, wala usiamini kwamba waya wa nguzo una ganda la kukukinga. Mlingoti ukigusa umeme, usimshike aliyeushikilia. Wazuie watu wasikaribie, na piga simu shirika la umeme likate njia kwanza.