Jasho la Viganja vya Mikono

Labda wewe ni mmoja wa wale ambao viganja vyao hulowa jasho hata asubuhi ya baridi kule Masisi, wenzao wakijifunika mablanketi. Mwanafunzi huandika, na karatasi yalowa hata wino watawanyika. Mtu afyekaye msitu wa Walikale, panga likiteleza mkononi, aweza kujikata mguu. Lakini taabu kubwa zaidi ni salamu. Kwetu kumnyima mtu mkono ni kama kumwambia, "Sikutaki." Basi mwenye jasho hutoka kanisani upesi kabla ya wengine, naye huitwa mwenye kiburi. Wengine husema amelogwa. Sivyo.

Ndani ya ngozi mna tezi ndogo ndogo za jasho, na mishipa ya fahamu huziamuru. Kwa watu wengine mishipa hiyo huamuru kupita kiasi, hasa wakiwa na hofu au haya. Hali hii huanza utotoni au ujanani, mikono yote miwili pamoja, na usingizini jasho hukoma. Mara nyingi mzazi au ndugu mwingine anayo pia. Katika Kivu ya Kaskazini, wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, tulifundishwa tusishikane mikono, kwa maana jasho la mgonjwa wa Ebola laweza kuambukiza. Jasho la mtu mwenye afya halimpi mwenzake ugonjwa wo wote.

Dawa ya kwanza ni maji ya alumini kloridi, sehemu 20 katika 100. Wengi huitumia vibaya, kisha husema haifai. Ipake usiku wakati wa kulala, kwa sababu jasho likiwa limetulia dawa hupata kuingia na kuziba vitundu vyake. Mikono iwe mikavu kabisa. Ikiwa na maji, dawa itawasha na kuchoma. Usiipake penye kidonda. Asubuhi osha. Fanya hivyo kila usiku mpaka jasho lipungue, halafu mara moja au mbili kwa juma. Ngozi ya kiganja ni nene, basi uwe na saburi.

Majivu na petroli visipakwe, huharibu ngozi. Iko mashine ipitishayo umeme kidogo katika maji ambamo mikono imetiwa, lakini usijaribu nyumbani kwa betri ya gari au ya sola! Viko vidonge pia, kama oksibutinini, kwa amri ya daktari tu. Hukausha kinywa na kupunguza jasho la mwili wote. Katika joto la Walikale mtu afanyaye kazi juani aweza kuzidiwa. Upasuaji wa mishipa kifuani uwe wa mwisho, maana baadaye mgongo na tumbo huweza kutoa jasho jingi kuliko kwanza.

Wakati huu weka kitambaa chini ya mkono unapoandika, na kingine mfukoni. Funga mpini wa panga kwa kamba au mpira. Mwambie mwalimu wa mtoto, asimpige kwa daftari chafu.

Lakini jasho likianza ghafula ukubwani, au likilowesha nguo usiku pamoja na kikohozi na kukonda, njoo upimwe kifua kikuu. Moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka, nayo shingo imevimba, njoo pia. Huenda ni tezi ya shingo. Utakapofika, mweleze muuguzi jasho lilianza lini, na kama hukoma ulalapo.