Kipa amefungwa mabao saba, nimtoe?

*Nafundisha timu ya mtaa hapa Kongowea. Kipa wetu namba moja amefungwa mabao 7 katika mechi 3, na mawili yalimponyoka mikononi kabisa. Mashabiki wanamzomea, wanamtaka kipa wa akiba, kijana wa miaka 17. Huyu mkubwa nilianza naye timu ikiwa haina hata jezi, na usiku hubeba magunia sokoni. Jumapili tuna mechi ya mtoano. Nimtoe? – Kocha, Kongowea*

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya neno moja ulilolipita haraka: usiku.

Soko la Kongowea unalijua kuliko mimi. Viazi, vitunguu na kabichi hushushwa kwenye malori wengine tukiwa tumelala, na mchukuzi hulipwa kwa gunia. Kijana aliyekesha akipokea mizigo begani, umsimamishe langoni saa kumi alasiri, krosi ataiona imeshafika. Vidole navyo havishiki. Hapo kipaji hakijaisha. Mwili umechoka, na kumweka benchi hakutampa usingizi.

Kwa hivyo kabla ya kubadilisha kipa, badilisha Jumamosi yake. Mkienda kucheza Likoni mnachangishana nauli ya matatu. Changishaneni na malipo yake ya usiku mmoja, alale kwao. Wazee wanaokaa pembeni mwa uwanja wakipiga kelele, anzeni na hao.

Halafu kaa na mabeki wako, mkumbuke bao moja moja. Mawili ni ya kipa. Matano je? Kwenye kona nani alikuwa mlingoti wa karibu? Nani alimwacha mshambuliaji peke yake? Patrick Matasi alikuwa langoni mwa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, Julai 1, 2019, kule Cairo, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Alipangua penalti ya Sadio Mané, na katika mechi hiyohiyo Senegal ikatufunga 3-0. Anayesoma matokeo tu hatajua kwamba kipa alifanya kazi.

Akilala vizuri, mabeki wakajirekebisha, na bado mipira inamponyoka, basi mtoe bila kuona haya. Mapenzi yenu ya zamani hayadaki mpira. Ila namna ya kumtoa, hapo ndipo nakuomba uwe mwangalifu. Mwaka 2014, robo fainali ya Kombe la Dunia mjini Salvador, Brazil, kocha wa Uholanzi Louis van Gaal alimtoa Jasper Cillessen mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza, akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul akapangua mbili, Costa Rica ikaaga mashindano. Lakini Krul alikuwa ameandaliwa mapema. Cillessen hakuambiwa kitu, na hasira yake tuliiona kwenye televisheni. Siku nne baadaye ni yeye aliyehitajika dhidi ya Argentina. Penalti zikaja tena, asipangue hata moja. Sisemi ni kwa sababu ya uchungu ule. Nasema unayemtoa leo utamhitaji kesho, tena katika timu yenye makipa wawili tu.

Na huyo wa miaka 17, usimwingize kwa sauti ya mashabiki. Waliomzomea mwenzake watamzomea na yeye akikosea mara moja, na umri huo kidonda hukaa. Mtafutie mechi mbili za kirafiki, acheze dakika zote 90, afungwe, ainuke.

Jumapili aanze mkubwa. Mwambie Ijumaa, umfuate kwao, usimtumie ujumbe wa simu: analala Jumamosi, na mechi hii ndiyo ya kumpima. Ukitoka hapo pitia kwa mdogo, naye umweleze hivyohivyo, akijua kwamba ikibidi utamwita kipindi cha pili.